Daraja halipitishi kila kitu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mwezi wa kwanza, Moshi nzima huzungumza madaraja na hakuna anayefikiria mto. Nani kapata daraja la kwanza, nani la pili, nani kaponea la nne. Vijana hufupisha: "Dogo kapiga wani ya saba," yaani daraja la kwanza kwa pointi 7, na juu ya hapo hakuna kitu. Daraja la kwanza huishia pointi 17. La pili ni 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Ukivuka hapo ni sifuri, na sifuri hakuna anayeisemea kwa fahari. Mwenye 17 na mwenye 18 huenda walikaa dawati moja miaka minne na kunakiliana mazoezi ya hesabu, lakini siku ya matokeo mmoja kapita pale ambapo mwenzake kazuiwa.

Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko ni kipandio cha ngazi, ni cheo, ni kipimo cha joto. Wanamuziki wa Kiarabu huhesabu kwa neno hilohilo hatua za sauti katika skeli. Kitu cha kuvukia mto wao hukiita jisr. Ni sisi Waswahili tuliolitoa daraja kwenye ngazi na kulitandika juu ya maji, huku tukilibakiza pia kwenye vyeti. Pwani bado utamsikia mzee akiita vipandio vya mlangoni madaraja. Huku bara tumemwachia.

Mimi huunga mitandao ya kompyuta maofisini, Arusha na Moshi, na jioni za mazoezi napiga gitaa kwaya. Kazi zote mbili zina kitu kinachoitwa daraja, na vyote viwili nimevishika kwa mikono. Ndiyo maana huwa siwaelewi wahubiri na wanasiasa wanaposimama kutuhimiza "tujenge madaraja", kana kwamba daraja ni uwazi tu, njoo upite, nenda upite. Daraja ninalolijua mimi muda mwingi linakataa. Likiacha kukataa, linaharibika au linaharibu.

Nianze na la maji, kwa sababu ndilo la kwetu kabisa. Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, mamia ya miaka kabla ya mtu yeyote kuleta saruji mlimani. Mfongo huchukua maji ya mto huko juu karibu na msitu, ukayatembeza ubavuni mwa mlima taratibu mpaka kwenye vihamba, migombani na kwenye kahawa. Njiani kuna makorongo. Palipokuwa na korongo, wazee walichonga gogo la mti likawa hori, wakalilaza kutoka ukingo hadi ukingo, maji yakapita hewani. Hilo ni daraja ambalo mtu hapiti, ila bila hilo mtu hali.

Sasa tazama ugumu wake. Gogo likiinamishwa sana, maji yanakimbia na kuchimba udongo upande wa pili. Likilazwa sana, mchanga unatuama na hori linajaa. Na upana wa hori ndio unaoamua upande wa pili utapata kiasi gani, hata mvua inyeshe namna gani huko juu. Ziada inamwagika korongoni. Mfongo una zamu: leo maji ni ya ukoo huu, kesho ya ule, na anayeyafungulia nje ya zamu yake atajieleza mbele ya wazee. Fundi aliyechonga gogo alikuwa anagawa maji bila kusema neno.

Warumi walifanya jambo hilo kwa mawe. Kusini mwa Ufaransa lipo daraja lao la Pont du Gard, la karne ya kwanza baada ya Kristo, lenye ghorofa tatu za matao na kimo cha karibu mita 49. Watalii hulipiga picha kwa sababu ya matao. Mimi linanishangaza kwa mteremko: mfereji mzima wa kupeleka maji mjini Nîmes ulikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, na kutoka mwanzo hadi mwisho ulishuka chini ya mita 20. Gawanya uone ni milimita ngapi kwa kila mita. Aliyepima hakuwa na mashine yoyote ya umeme.

Tao lenyewe linasimama kwa ubishi. Kila jiwe linataka kuanguka, na kila jiwe linamzuia jirani yake asianguke. Lenta ya dirisha ni daraja pia, fupi tu. Muulize fundi aliyesahau nondo za chini, lenta ikampasukia.

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, kabla hujafika Bomang'ombe, barabara inatumbukia bonde la Kikafu. Abiria waliokuwa wanasinzia huamka hapo, maana dereva amebadili gia na gari zima limeinama mbele. Nakushauri siku moja usikilize tairi badala ya redio. Kwenye madaraja mengi ya zege utasikia mlio mfupi, ta-ta, unapoingia na unapotoka. Ni nafasi iliyoachwa makusudi, kwa sababu zege hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku. Daraja lililobanwa moja kwa moja na barabara lingejipasua lenyewe. Kwa hiyo hata kile tunachokiita kiungo kimeachiwa pengo.

Gitaa sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Uzi wa gitaa peke yake hauna sauti ya maana. Ni mwembamba, unapasua hewa bila kuisukuma. Ufunge kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa zege, uupige, utasikia kama mbu aliye chumba cha pili. Kinachoufanya usikike kanisa zima ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya tumbo la gitaa, ambacho wapigaji wengi huku tunakiita briji. Uzi unakitikisa, chenyewe kinatikisa ubao, ubao unasukuma hewa. Hadi hapo ni hadithi ya kuunganisha, mhubiri angefurahi.

Lakini daraja likipitisha nguvu yote ya uzi kwa mkupuo, sauti inakufa papo hapo: pu, basi. Ili noti iendelee kuimba, sehemu kubwa ya mtetemo lazima irudishwe kwenye uzi, na kila mzunguko upite kidogo tu. Uzito wa lile daraja, ugumu wa mbao yake, mfupa uliochomekwa juu yake, vyote vinapanga ni kiasi gani kipite na kiasi gani kirudi. Banjo limeweka daraja lake juu ya ngozi nyepesi, ngozi ikapokea haraka, ndiyo maana banjo linapayuka na kunyamaza mara moja. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzima limefanya kinyume: daraja lake limekaa juu ya kitu kizito kisichotikisika kirahisi, uzi unabaki na nguvu yake, noti inaning'inia muda mrefu, na bila spika hasikii mtu. Kati ya hayo mawili kila fundi wa magitaa anatafuta mahali pake. Hakuna jibu sahihi. Kuna anachokitaka mwenye gitaa.

Kanuni, ala ya taarabu, nayo inategemea hapohapo. Ni kisanduku cha mbao chenye nyuzi nyingi, lakini upande wa daraja kimekatwa madirisha yaliyowambwa ngozi, na miguu ya daraja inasimama juu ya ngozi hizo. Ule mlio wake wa kumetameta, unaotoka mbele ya fidla zote, unaanzia chini ya miguu hiyo. Fidla kwa upande wake haina hata gundi: daraja lake limesimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu, na ukizilegeza zote linaanguka. Mpigaji akitaka sauti ya chini, yenye kunong'ona, hubandika kipande kidogo cha mpira au mbao juu ya daraja. Hapunguzi nguvu ya mkono. Analiongezea daraja mzigo, lenyewe linapunguza kupitisha.

Na mzigo si wa mchezo. Nyuzi sita za chuma kwenye gitaa la kawaida zinavuta kwa jumla ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, gitaa likiwa limeegeshwa tu kwenye kona ya sebule. Nyuzi za nailoni ni karibu kilo 40. Huku kwetu gitaa la nailoni likikatika nyuzi, mtu hufunga za chuma kwa sababu ndizo zilizopo dukani, na kwa wiki chache anasifiwa kwa sauti kali. Kisha daraja linaanza kunyanyuka nyuma, karatasi inapita chini yake, halafu asubuhi moja linang'oka na kipande cha ubao. Mwenye gitaa anaishia kulaumu gundi.

Madaraja makubwa nayo hupiga muziki, na huo ni msiba. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Lilikuwa jembamba na jepesi, limening'inia kwa nyaya, na wajenzi waliliona likicheza tangu mwanzo. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo upepo wa kilomita zipatazo 64 kwa saa, ambao haung'oi hata bati lililopigiliwa vizuri, ulilipindua huku na huku mpaka likaporomoka. Wengi hufundishwa kwamba upepo uligonga mlio sawa na wa daraja. Wahandisi wanasema ni zaidi ya hapo: kila lilivyojipinda, lilibadilisha upepo unavyolipiga, na upepo uliobadilika ukalipinda zaidi. Lilikuwa linapokea bila kurudisha. London nao walifungua daraja la waenda kwa miguu tarehe 10 Juni 2000, likayumba ubavuni. Watu wakapanua miguu ili wasianguke, na kwa kufanya hivyo wakajikuta wote wanakanyaga kwa mapigo mamoja, likayumba zaidi. Lilifungwa baada ya siku mbili, likawekewa vifaa vya kumeza mtetemo, na lilifunguliwa tena Februari 2002.

Kwenye kompyuta, daraja ni kifaa kinachosimama kati ya vipande viwili vya mtandao. Swichi mliyonayo ofisini, ile yenye taa nyingi za kijani, ni daraja lenye milango mingi. Mitandao ya awali ilikuwa kama soko: kila kompyuta iliyosema kitu ilisikika na kompyuta zote, na zikisema mbili kwa pamoja hazielewani. Daraja lilikuja kukata kelele. Linasikiliza kila pakiti, yaani kifurushi cha data, inayoingia, linaandika kwenye daftari lake kwamba anwani fulani iko upande huu, na pakiti ya upande huu kwenda upande huuhuu hailivuki. Mashine isiposikika kwa muda, kwa kawaida sekunde 300, jina lake linafutwa daftarini. Kila siku ya kazi swichi yako inakataa pakiti nyingi kwa ajili yako, na hakuna anayeishukuru.

Ila kuna pakiti ambayo haiwezi kukataa: tangazo, yaani ile inayosema "ninyi nyote, sikieni." Hiyo lazima itolewe kwenye kila mlango. Hapo ndipo balaa linapokaa. Ofisi moja ya Arusha waliniita mtandao ukiwa umekufa asubuhi, mashine za kuchapa zimeganda, simu za mezani hazilii. Walikuwa wameshagombana na kampuni inayowauzia intaneti. Nikaingia chumba cha vifaa, nikakuta taa zote za swichi zinawaka na kuzima kwa pamoja, haraka mno, kama moyo wa mtu aliyekimbizwa. Mtu aliyefagia jana yake alikuta ncha ya waya imelala sakafuni, akaona ni uchafu, akaichomeka kwenye tundu tupu. Ncha nyingine ya waya huohuo ilikuwa kwenye swichi jirani, ambayo tayari ilikuwa na waya wake. Tangazo moja likatoka huku, likarudi kule, likatolewa tena, na pakiti za aina hii hazina umri wa kufa. Zilizunguka usiku kucha. Nilichomoa waya mmoja, kila kitu kikafufuka, na yule aliyefagia hakujua kamwe kwamba habari ilikuwa yake. Nikaona afadhali hivyo.

Dawa ya ugonjwa huo ina umri wa miaka mingi, ila swichi za bei ya chini kama zile haziji nayo. Aliyeitunga ni Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, na aliitangaza kwenye makala ya mwaka 1985. Wazo lake: waya za ziada ziachwe zilipo, kwani siku moja zitahitajika, ila madaraja yenyewe yakubaliane nani anyamaze. Yanachagua moja kuwa mzizi. Kila jingine linatafuta njia yake fupi ya kufika kwenye mzizi, na kila njia inayobaki inafungwa, ukabaki mchoro kama mti usio na mzunguko. Waya umo, umeme umo, taa inawaka, lakini haipiti pakiti ya mtu. Njia iliyo wazi ikikatika, ile iliyofungwa haifunguki palepale. Inasikiliza kwanza, sekunde 15, kisha inajifunza nani yuko wapi, sekunde nyingine 15, ndipo inapitisha. Siku hizi kuna namna za haraka zaidi, lakini nidhamu ni ileile, na tangu 1990 imo kwenye kanuni za kimataifa za mitandao. Perlman alifungua makala yake kwa shairi kuhusu kazi hiyo, na baadaye mwanawe akalitungia muziki. Sijui kama kuna daraja la zege lililowahi kupata heshima hiyo kutoka kwa aliyelibuni.

Hapa kuna mtu mwingine siwezi kumruka. Miaka ya 1730 mwanahesabu Leonhard Euler alishughulikia fumbo la mji wa Königsberg, uliokuwa na madaraja saba: je, mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Alithibitisha kwamba haiwezekani, na ili kuthibitisha akautupa mji wote, nyumba, mto na makanisa, akabakiza herufi tu, ambazo waliomfuata walizigeuza kuwa nukta na mistari. Hesabu hiyo ya nukta na mistari ndiyo inayompa Perlman mti wake, na ndiyo inayoongoza simu yako ikikuelekeza njia. Mwaka 1739 Euler huyohuyo alichapisha kitabu kizima cha nadharia ya muziki, akitaka kueleza kwa namba kwa nini sauti fulani zikikaa pamoja zinapendeza. Wanahesabu waliomfuata walilibakiza neno: kwao daraja ni mstari ambao ukiukata, mchoro unagawanyika vipande viwili visivyofikiana. Mstari ukiwa na mbadala, hata uwe mrefu na mzuri vipi, hauitwi hivyo.

Ng'ambo ya Namanga wana Daraja jingine. Safaricom ya Kenya ilipowafungulia waandishi wa programu njia ya kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, mwaka 2017, iliita huduma hiyo Daraja, kwa Kiswahili hasa. Jina limekaa vizuri kuliko labda walivyokusudia, kwa sababu asilimia kubwa ya kazi yake ni kukuuliza wewe ni nani. Unaonesha funguo zako mbili, unapewa tokeni, tokeni inadumu saa moja, halafu unaanza upya. Mwandishi wa programu anayelalamika kwamba daraja hilo lina masharti mengi ajiulize pesa zinazopita hapo ni za nani.

Limebaki la wimbo. Katika nyimbo za Kimarekani za zamani kulikuwa na mpangilio wa kawaida: kipande cha kwanza, kinarudiwa, kinakuja kingine tofauti cha mizani nane, kisha cha kwanza kinarudi. Kile cha katikati ndicho daraja. Kinatoka kwenye sauti mama, kinakunyima kwa makusudi melodia uliyoizoea, ili irudipo uipokee kwa hamu. Muziki wetu wa dansi haukujali hilo. Unaanza polepole, mwimbaji anamaliza malalamiko yake, kisha magitaa yanaingia sebene na hakuna kurudi nyuma. Umevuka, baki hukohuko, cheza. Kwangu mimi sebene ni uvumbuzi mkubwa kuliko ile mizani nane, ingawa kwaya si mahali pa kulisema hilo kwa sauti.

Maana kwaya yetu imegawanyika juu ya jambo hili hivi sasa. Vijana wanaosikiliza nyimbo za injili za kisasa wanataka kila wimbo uwe na briji, wairudie mara sita, ngoma ikipanda. Mwalimu wetu wa kwaya, aliyelelewa na do-re-mi ubaoni, anasema wimbo una beti na kiitikio na vinatosha. Kwenye wimbo mpya wa mavuno amekubali mizani nane za katikati, kwa masharti: ziimbwe mara moja tu, na besi isitoke kwenye sauti yake. Vijana wanataka mara tatu. Mimi nipo upande wa mwalimu kuhusu idadi, na upande wa vijana kuhusu besi, kwa hiyo wote wamenikasirikia, na Jumamosi tunaendelea.